Kila mtaa ujengewe uwanja wenye paa, Marikina wameweza

Mtu akikutajia Marikina, ule mji wa Ufilipino ulioko mashariki mwa Manila, kitu cha kwanza utasikia ni viatu. Ni kweli kabisa, ushonaji viatu ulianza pale mwaka 1887 na bwana mmoja anaitwa Laureano Guevara, wenyewe wanamwita Kapitan Moy, na kuna makumbusho ambayo ndani yake zimo pea kibao za Imelda Marcos, mke wa aliyekuwa rais wao, wageni wanaingia wanapiga picha wanaondoka. Makumbusho nayapenda. Ila mi nikiulizwa kitu gani cha Marikina ningetamani tukichukue tukiweke kwetu Dar, ntataja uwanja wa basketi wenye paa la bati, ule unaoukuta karibu kila kona ya mji ukiwa unakatiza mitaani kwa miguu.

Uwanja wenyewe ni wa kawaida tu. Sakafu ya zege iliyopakwa rangi, ringi mbili, nguzo za chuma, paa limepanda juu sana, kuta hakuna, upande mmoja kuna jukwaa la saruji na pembeni ngazi chache za kukaa. Kule mvua zinapiga kuanzia Juni mpaka Novemba hivi, na kabla ya hapo Machi mpaka Mei jua linachoma vibaya mno, kwaiyo akili yote iko kwenye lile paa. Uwanja wa wazi ungekaa bure nusu ya mwaka. Ukishaweka paa na taa unafanya kazi mwaka mzima toka asubuhi mpaka usiku wa saa nne, na mtaa mzima unajikuta unaishi hapo.

Asubuhi saa kumi na mbili utawakuta kina mama na spika wanafanya zumba, wengine bibi kabisa, wanacheka wee. Wakimaliza zinaingia meza za plastiki, kuna siku ni chanjo za watoto, siku nyingine wazee wamekuja kuchukua hela yao au mbwa wanachomwa sindano ya kichaa cha mbwa. Jioni shule zikitoka watoto wanajaa, wengi wanacheza na kandambili na wanacheza vizuri hivo hivo, afu usiku ndo wakubwa wanaingia, ligi ya mtaa, jezi zina majina mgongoni na refa analipwa. Ukipita hapo hata kama hujui mtu utaulizwa umekula? na ndani ya wiki chache watoto watakuita kuya au ate, yani kaka au dada, mama mwenye duka atakuambia nenda kwa nanay, yani mama, fulani ana chumba cha kupangisha.

Na vitu vingine vyote vinajipanga kuuzunguka uwanja. Duka la sari-sari lenye nondo dirishani linalouza shampuu ya pakiti ndogo, sigara moja moja, siki ya kupima. Mama ntilie wao, karinderya, sufuria zimepangwa mbele unafunua mwenyewe unachagua adobo, nyama ya siki na soya, au sinigang, mchuzi mchachu, na ijumaa karibu kila sehemu kuna choroko. Saa tisa saa kumi ni muda wa merienda, ndizi zimekaangwa na sukari zimechomekwa kijiti, na mtu wa fishball, vidonge vya samaki, na kikaango chake anajua watoto watatoka saa ngapi. Kijiwe cha traisikeli, pikipiki zenye kibanda pembeni, nacho kiko hapo hapo. Hakuna aliyekaa akavipanga hivi, watu wamefuata watu tu.

Mtu atasema lakini wale wanapenda basketi, sisi ni mpira wa miguu. Sawa, wanapenda kupita kiasi. Wamarekani ndo waliwaletea mwanzoni mwa karne iliyopita, mwaka 1954 timu yao ikachukua nafasi ya tatu duniani na mpaka leo wanasimulia, na 2023 walipoandaa Kombe la Dunia pamoja na Japani na Indonesia mechi ya ufunguzi ilijaza watu 38,115, rekodi ya mashindano hayo. Lakini basketi ina faida moja ambayo watu hawaifikirii, inataka eneo dogo. Uwanja wa mpira unataka karibu eka mbili, mtaa uliojengeka utazipata wapi? Uwanja wa basketi unaingia kwenye viwanja viwili vitatu vya nyumba, na ukitoa mpira unabaki na ukumbi.

Hapo kwenye ukumbi ndo nataka nikae kidogo. Kule mtu akifariki maiti inakaa siku kadhaa, mara nyingi wanasubiri mtoto aliyeko Dubai au Saudia apate ruhusa arudi, na nyumba nyingi za huko ni ndogo mno, kwaiyo jeneza linaweza kuwekwa kanisani au hapo uwanjani, majirani wanakesha wanacheza karata na kunywa kahawa na sehemu ya hela ya karata inaachiwa wafiwa. Ligi inasimama siku hizo na sijasikia mtu akilalamika. Sisi Dar tukipata msiba tunafunga barabara na turubai, magari yanageuka, mvua ikinyesha tunashikilia nguzo. Mi nimekulia Tabata naijua hiyo adha. Msiba wa mtaani unahitaji paa, na harusi na mkutano wa mtaa nao vile vile.

Sasa kwanini wao wana viwanja hivi na sisi hatuna? Wengi wanajibu haraka kwamba wao wana hela. Mi naona jibu kubwa ni barangay, ile serikali ya chini kabisa ambayo ni kama serikali yetu ya mtaa. Ziko zaidi ya 42,000 nchi nzima, Marikina peke yake ina 16. Tofauti na mwenyekiti wetu wa mtaa mwenye muhuri na barua za utambulisho, kapitan wa barangay ana bajeti, sheria ya 1991 inaipa barangay fungu lake kutoka kwenye kodi za taifa. Na asilimia 10 ya mfuko wa barangay inaenda kwa baraza la vijana, Sangguniang Kabataan, linalochaguliwa na vijana wenyewe wa miaka 15 mpaka 30. Ndo maana ligi inakuwepo kila mwaka bila kumsubiri mfadhili. Kuna wanaolalamika kwamba vijana wakipewa hela wanachojua ni ligi tu, na wana hoja, maktaba na masomo ya ziada yangefaa pia. Ila bado nasema kijana wa miaka 20 kushika bajeti na kuhojiwa na majirani zake ni shule kubwa.

Vya kukera vipo. Wanasiasa wanapaka majina yao kwenye paa na kwenye ubao wa ringi kama vile walitoa mfukoni, wakati ni kodi ya yule yule mama wa karinderya. Wasichana walikuwa wanasukumwa pembeni miaka mingi, siku hizi voliboli imewapa nafasi lakini bado usiku ni wa wanaume. Na kuna mitaa isiyo na nafasi ambako ringi ilisimikwa barabarani, mwaka 2019 serikali ilipoagiza barabara zisafishwe ringi nyingi zikang'olewa na watoto hawakupewa mbadala. Hilo liliniuma.

Afu kuna mto. Marikina wanahesabu mto kwa mita, maji yakifika 15 king'ora cha kwanza, 16 cha pili, 18 watu wanahamishwa kwa lazima, na hata mtoto mdogo anazijua namba hizo. Tarehe 26 Septemba 2009 kimbunga Ondoy kilipopita maji yalifika ghorofa ya pili kwenye nyumba za Provident Village, na Novemba 2020 kimbunga Ulysses kikaufikisha mto mita 22. Watu wanakimbilia shuleni zaidi, shule ya Malanday na ya H. Bautista zinajaa haraka, maana uwanja usio na kuta sio sehemu ya kulaza mtoto kwenye upepo ule. Lakini nani anajua kwamba tatay, yani baba, wa nyumba ya tatu hawezi kutembea, na nani ana funguo ya boti? Ni watu ambao wameshazoeana pale uwanjani mwaka mzima, wanajuana kwa sura na kwa jina.

Huku kwetu tunapima viwanja Kigamboni, tunapima Mapinga, kwenye ramani eneo la wazi lipo limepakwa kijani, baada ya miaka mitano kuna baa au ukuta wa mtu. Eneo tupu linavamiwa kwa sababu halina mwenyewe anayelitumia kila siku. Naomba wenyeviti wa mitaa na madiwani walichukue hili, msisubiri hela ya paa, anzeni na zege na ringi mbili mwaka huu, vijana wakishalikalia eneo hakuna wa kulivamia kirahisi, paa na taa vije mwaka unaofuata kwa michango na fungu la halmashauri. Na swichi ya taa ikae kwa mtu wa mtaa huo huo, asiwe mlinzi wa manispaa anayefunga saa kumi na mbili jioni wakati watu ndo kwanza wanatoka kazini.