Risasi zifanane kwanza

Kila nikikutana na vijana wapya kwenye uwanja wa shabaha hapa Ohio, swali lao la kwanza ni lilelile: risasi zako zinakwenda kasi gani? Wameshanunua vifaa vyote vya kujaza maganda, yaani kujitengenezea risasi nyumbani kwa kutia baruti na kichwa kipya kwenye ganda lililokwisha kufyatuliwa, na usiku wanakesha wakiongeza baruti kidogo kidogo, wakikimbizana na kasi. Nasema wazi kwamba wanakosea, na kosa lenyewe linaweza kumgharimu mtu jicho.

Umbali ninaoupenda ni yadi 1,000, yaani mita 914. Risasi ya .308, aina ninayotumia kwenye bunduki yangu, hukaa angani karibu sekunde mbili kabla ya kufika huko, na muda wote huo inaanguka. Ikitoka mtutuni ikiwa nyuma ya mwenzake kwa futi 20 tu kwa sekunde, itatua chini yake kwa inchi kadhaa. Kwa yadi 100 tofauti hiyo huwezi kuiona. Kwa 1,000, ambako duara la alama kumi katika mashindano yetu lina upana wa inchi 10, imeshakutoa. Risasi isiyo na kasi sana lakini inayofanana na wenzake, najua itaangukia wapi; nazungusha kitasa cha darubini, kazi imekwisha. Zile zenye kasi ambazo kila moja ina njia yake hazina dawa.

Babu yangu alilijua hili. Alikuwa na gobore la kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori, na sikumwona hata siku moja akimimina baruti kwa kukisia. Alikuwa na kipimo alichokata kwenye ncha ya pembe. Anajaza, anasawazisha kwa kidole gumba, ndipo anamimina. Kibatari anakiweka mbali kabisa, dirishani, na sisi wajukuu tunanyamaza.

Leo nina mizani ya umeme. Baruti tunaipima kwa greni, na ratili moja ni greni 7,000, kwa hiyo unaweza kuelewa tunavyobishania vipunje. Lakini ganda ndilo linalosahaulika. Shaba yake hukakamaa kila linapofyatuliwa na kurudishwa umbo, na shingo iliyokakamaa haikishiki kichwa cha risasi kama shingo laini, na kasi hubadilika. Changanya maganda mapya na yaliyotumika mara sita, halafu ulaumu baruti! Mimi ya kundi moja nayaweka kopo moja, na juu yake naandika yametumika mara ngapi.

Sheria ya taifa hapa Marekani haimdai leseni anayejijazia kwa matumizi yake mwenyewe. Ndugu zangu mlioko nyumbani msilichukue hilo kuwa ruhusa kwenu.

Kuna jioni moja simu iliita nikiwa katikati ya kazi. Alikuwa mama, na simu ya mama siiachi. Tuliongea dakika kumi na tano hivi. Niliporudi mezani, maganda 50 yalikuwa yamesimama kwenye kibao chake, mengine yana baruti, mengine matupu, na sikukumbuka nimeishia lipi. Nilimulika tochi ndani ya moja baada ya jingine. Nikaona kama naona. Mkono ukawa mzito. Ganda likipata kipimo mara mbili, bunduki inaweza kukupasukia usoni, shavu likiwa limeegemea kitako. Niliyamwaga yote 50, nikazima taa, nikaenda kulala. Tangu siku hiyo simu haiingii chumba kile, na mama anajua.

Vijana huniuliza, kama risasi zimefanana, kimebaki nini? Kimebaki upepo, ambao mezani hautengenezeki. Upepo wa maili 10 kwa saa ukipiga ubavuni husukuma risasi ile ya .308 zaidi ya mita mbili kufikia yadi 1,000. Ukikosea kuusoma kwa maili moja tu, umeshalihama duara. Nenda Camp Perry, kando ya Ziwa Erie, ambako mashindano ya taifa yalianza kufanyika mwaka 1907, ukaone bendera ya karibu ikielekea huku na ya mbali ikielekea kule. Hapo risasi zinazofanana ndipo zinapolipa. Zikiwa mchanganyiko, ukikosa hujui umekoseshwa na nini, na huna la kujifunza.

Jumamosi iliyopita risasi yangu ya saba ilitua kushoto, nje ya kumi, ila kimo chake kilikuwa sawasawa na zile sita za mwanzo. Sikugusa kitasa cha kimo. Niliinua macho kwenye darubini ya pembeni nikatazama mazigazi, yale mawimbi ya hewa ya joto yanayofuata upepo, juu ya majani: dakika moja kabla yalikuwa yanapanda wima, sasa yanatiririka kwenda kushoto.