Mchanga wa K'gari na Fuo Zetu za Ziwa Victoria

Kisiwa cha K'gari, kilicho karibu na pwani ya Queensland nchini Australia, ndicho kisiwa kikubwa zaidi cha mchanga duniani. Urefu wake unapita kilomita 120, na gari lisiloendesha magurudumu yote manne haliruhusiwi kuzizunguka njia zake. Nilikizuru wakati wa likizo pamoja na ndugu yangu anayeishi Brisbane, na tangu nirejee Kisumu nimeshikilia hoja moja: starehe yote niliyoiona kule imejengwa juu ya sheria zinazoulinda mchanga, na sisi wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria tunahitaji sheria za namna hiyo, tena zenye watu wa kuzisimamia.

Sheria hizo humpokea mgeni kabla hajavuka. Lazima gari liwe na kibali cha kulipia, na kabla ya kufika kwenye feri pale Inskip Point madereva huchutama kando ya magari yao, kipimo mkononi, wakipunguza upepo wa tairi moja baada ya jingine. Tairi lililopunguzwa upepo hutanuka, likausambaza uzito wa gari na kupita juu ya mchanga. Lililojaa huchimba shimo na kujizika humo. Ng'ambo ya pili, ufuo wa mashariki ni barabara kuu inayotambuliwa kisheria. Magari hupita upande wa kushoto kama hapa kwetu, mwendo wa juu kabisa ni kilomita 80 kwa saa, na wakati mwingine ndege ndogo hutua papo hapo. Ndani ya msitu, ambako njia ni nyembamba na zina mashimo, mwendo haupaswi kuzidi kilomita 30.

Mwenye amri ya mwisho kule ni bahari. Mtu aliyekulia Nyanza hana mazoea ya maji kujaa na kupwa, na nakiri kwamba watu wa Mombasa wangelielewa jambo hili upesi kuliko mimi. Dereva hushauriwa asiwe ufuoni kuanzia saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa mbili baadaye, kwa sababu mchanga mgumu wenye unyevu, ambao ndio barabara yenyewe, hufunikwa, na mtu akabaki akisukumwa kuelekea kwenye matuta laini. Matuta hayo hayakanyagwi, kwa kuwa mimea yake ndiyo inayozuia upepo usiuhamishe mchanga. Hata vijito kama Eli hukata kingo kali ufuoni, na kingo hizo hazionekani mpaka gari likaribie sana. Kandokando ya njia hiyo umelala mwili wenye kutu wa meli Maheno, iliyosukumwa ufuoni na kimbunga mwaka 1935 ilipokuwa ikivutwa kwenda Japani kuvunjwavunjwa.

Ziwa la Boorangoora, ambalo wengi hulijua kama McKenzie, ni la maji ya mvua pekee, yaliyoshikiliwa juu ya mchanga na tabaka gumu la mabaki ya mimea. Hakuna mto unaoliingia wala kulisafisha, na kwa hiyo uchafu ukishaingia hauna pa kutokea.

Kisiwa hiki hakikulindwa tangu zamani. Mchanga wake ulichimbwa kwa ajili ya madini hadi mwaka 1976, na miti yake mikubwa ilikatwa hadi 1991. Mwaka uliofuata kikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2014 mahakama iliwatambua Wabutchulla, wenyeji wa asili wa kisiwa hicho, kuwa wenye haki ya asili juu ya ardhi hiyo, na mwaka 2023 jina la K'gari likarejeshwa rasmi mahali pa jina la Fraser. Leo mchanga uleule uliokuwa ukiuzwa unawaleta wageni wanaolipa ili wauone tu na kuuacha hapo ulipo.

Kwetu malori yangali yakipakia mchanga katika fuo za Homa Bay, huku mjini Kisumu magari yakiingizwa ziwani hadi maji yafunike magurudumu, yakaoshwa kwa sabuni, na grisi ikaelea mahali ambapo hatua chache mbele mtu anateka maji ya kupikia. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu vijana wanaoosha magari hayo wanatafuta riziki halali, na kuwafukuza bila kuwajengea mahali pa kuoshea mbali na ukingo wa maji, penye shimo la kunasa mafuta, ni kuwaonea.

Vyombo vya kuanzia tunavyo. Kila bichi ya wavuvi ina BMU yake (Beach Management Unit), yaani kikundi cha wenyeji cha kuisimamia bichi, na wanachama wake wanalijua eneo lao kuliko ofisa yeyote. Ningependa serikali za kaunti ziwape vikundi hivyo mamlaka ya kutoza ada ya magari ya wageni, kuonyesha njia ya kupita, na kufunga sehemu ambazo ndege na samaki huzaliana, kisha fedha hizo zibaki bichini. Kisiwa cha Takawiri, chenye mchanga mweupe na kinachofikiwa kwa mashua, kisiruhusiwe kuingiza magari kamwe, kwa maana udogo wake hauwezi kuyabeba.