Kisa cha mzuka si msamaha wake

Hadithi za kutisha siku hizi zinalaumiwa kwamba mizuka wake wamekuwa wa kuhurumiwa mno. Zamani mzuka alitokea, akaua, basi. Sasa kila mmoja ana kisa: alidhulumiwa, alinyang'anywa mtoto, alizikwa hai. Wanaolalamika wana hoja mbili. Ya kwanza, jambo likishaelezwa halitishi tena. Ya pili ni nzito zaidi: kumpa muuaji kisa cha kuliza ni kumtafutia udhuru.

Ya kwanza naipokea nusu. Ile sura ya mwisho ambapo mzee wa kijiji anakaa kitako kusimulia maisha yote ya marehemu imeharibu hadithi nyingi nzuri. Lakini hapo kosa ni la mahali kisa kilipowekwa.

Ya pili siikubali. Chukua The Woman in Black, riwaya ya Susan Hill ya 1983. Jennet Humfrye anazaa nje ya ndoa, analazimishwa kumkabidhi mwanawe Nathaniel kwa dada yake Alice, kisha anaruhusiwa kumtembelea kwa sharti asimwambie kuwa yeye ndiye mama. Njia ya kwenda kwenye nyumba ya Alice hufunikwa na bahari maji yakijaa, na kando yake ni tope tupu. Aliyewahi kushuka kwenye mikoko ya Kaole anajua mguu unavyomezwa. Siku moja ukungu unatanda, kigari cha farasi kinaacha njia, mtoto anazama pamoja na yaya na mwendeshaji. Mama yuko dirishani, anaona.

Akishakufa, anarudi. Anamwendea nani? Si Alice, Alice anaishi humo hadi uzeeni. Wanaokufa ni watoto wa watu wengine, ambao hata Nathaniel hawakumjua.

Hapo ndipo ninapokwama kila mara. Kisa kingekuwa udhuru, kisasi kingempata aliyedhulumu, nasi tungepiga makofi. Hill ametunyima raha hiyo. Tunamwelewa Jennet kabisa, na ndiyo maana anatisha: anaujua uchungu wa kufiwa na mtoto kuliko yeyote, na anaugawa nyumba kwa nyumba. Mwondolee kisa, anabaki mwanamke wa nguo nyeusi makaburini, na hakuna atakayeuliza habari za familia yenye heshima zake iliyomtenga mama na mwanawe.

Pwani hili si geni. Kilingeni, pepo akishapanda kichwani, fundi, yaani mganga, hamfukuzi papo hapo. Anamuuliza: nani wewe, watoka wapi, wataka nini? Pepo hujieleza, akataja vyake, kitambaa, marashi, pengine mbuzi, na mapatano yakaanza. Sijasikia mtu akidai kwamba kumsikiliza ni kumruhusu amtese mwele.

Kwa mwandishi wa Bagamoyo jambo lenyewe lina uzito zaidi. Misafara kutoka Tabora na Ujiji iliishia hapa, na pembe na watu wakavushwa kwenda Unguja. Ukiweka Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara hiyo, mzuka asiye na jina wala kwao, kazi yake kukaba watu usiku, umemfanya aliyeuzwa ndiye mbaya. Muuzaji je? Katoka msafi, na jumba lake limebaki na mlango wa nakshi wa kupigia picha. Kumnyima mzuka kisa nako ni kuchagua upande, tena upande wa mwenye jumba.

Hatari ipo hata huku, sikatai. Minyororo hugeuzwa pambo, mateso ya watu yakawa kiungo cha kuuzia kitabu. Mzuka wa minyororo tu ni uvivu. Mzuka mwenye lugha ya kwao, aliyeacha mtu akimsubiri upande wa ziwa, anataka mwandishi asome kwanza. Na akishampata, asimtume kwa mjukuu wa mfanyabiashara, itakuwa rahisi mno. Amtume kwa mpangaji wa leo, aliyelipa kodi ya miezi sita na hajui lolote.