Mfereji wa Akiba

Mzee mmoja mwenye mashine ya kukamulia miwa alileta shafti ya milimita 25 kwenye karakana yetu pale Gerezani, akitaka ichongwe mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachozuia gia au puli isiteleze kwenye shafti. Kazi ya nusu saa. Shafti ya unene huo hutumia kii ya 8 kwa 7, na mfereji wake huchimbwa upana wa milimita 8, kina milimita 4. Mzee akasogea kwenye benchi la mama lishe jirani, akaagiza chai na chapati mbili, akasema atasubiri palepale.

Mashine yangu ya milingi, ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka, ni ile ndogo ya kukaa juu ya meza. Spindeli yake, ule mhimili unaozungusha kisu, ina tundu la koni, saizi ya Morse namba 3. Kisu cha milimita 8, cha meno mawili, kilikuwepo. Koleti ya kukishika, kile kibomba chenye mipasuko kinachobana shina la kisu, ndiyo haikuwepo. Tuseme ukweli, zilikuwepo koleti 18, zimejipanga kwenye sanduku zuri, na hakuna hata moja ya kunisaidia.

Sanduku hilo, pamoja na kishikio cha koleti zake, nililiagiza mtandaoni kwa kusoma herufi kubwa tu: ER32. Bei ilikuwa tamu. Herufi ndogo chini yake zilisema R8, nikazipita kama kibao cha "Usikojoe Hapa". Kumbe ER32 inakueleza upande wa chini wa kishikio, unaokaa koleti. Upande wa juu, ule mkia unaoingia kwenye spindeli, una jina lake peke yake. R8 ni mkia wa mashine za Bridgeport za Marekani na ndugu zake: nyuma umenyooka, unene wake kama milimita 24.1. Mdomo wa Morse 3 una milimita 23.8. Niliusukuma, nikaupaka mafuta, nikaugonga kwa kipande cha mninga. Milimita 0.3 tu, lakini chuma hakibembelezwi.

Sasa mzee anasubiri, na kwenye mashine pana chaki ya drili iliyokuja nayo, ile yenye taya za kushikia drili. Nikajiuliza: chaki si nayo inashika?

Inashika, ndiyo, ila iulize kwanza nayo inashikwa na nini. Mkia wake wa juu unavutwa na drobaa, ule mchuma mrefu unaopita ndani ya spindeli. Lakini chaki yenyewe imepachikwa chini ya mkia huo kwa koni nyingine, B16, isiyo na nati wala skrubu, msuguano mtupu. Ukitoboa, drili inaisukuma juu na koni inazidi kukaza. Kisu cha milingi kinafanya kinyume chake: kinaitikisa chaki kwa pembeni, na yale meno yaliyojiviringisha yanakivuta kisu kushuka kwenye kazi.

Nikafunga shafti kwenye jiliwa, nikaweka mizunguko 1000 kwa dakika, kina nusu milimita kwa kila pita. Pita ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Nikaanza kupiga mluzi. Ya tatu mlio ukabadilika, ukawa kama wa bajaji inayopanda kilima na abiria watano. Mtu mwenye akili angezima hapo. Mimi nikaongeza mafuta.

Chaki ikatoka kwenye koni yake ikiwa bado imekumbatia kisu, ikazunguka juu ya meza kama pia, ikadunda sakafuni, ikatoka mlangoni bila kuaga. Kijana wangu akapanda juu ya stuli. Ikabingirika hadi kwa mama lishe, ikatumbukia kwenye karai la vyombo. Kisu kilikuwa cha moto, kikalia "chiii!"

Mama lishe akaangalia karai, akaniangalia mimi. "Sabuni hiyo unalipa."

Mzee akaipakua chaki kwa kijiko cha upawa, akaigeuza. "Mwanangu, hiki ndicho kipuri changu?"

"Hapana mzee, shikamoo."

"Marahaba. Ulishanisalimia asubuhi."

Mfereji nikaupima kwa kalipa: mwanzo milimita 8, mwisho 9.1. Kii ingecheza humo kama jino la mtoto wa miaka sita.

Nikaenda kwa jirani, fundi wa kerezo, akaniazima kishikio cha Morse 3 chenye ER25 na koleti ya 8. Drobaa yangu ni ya inchi 3/8, tundu la kishikio ni la nyuzi za M12, yaani milimita 12, pana zaidi. Nikaingiza, ikapita bila kugusa ukuta. Bahati tundu la spindeli lina nafasi, akanichongea drobaa nyingine yenye nyuzi za M12. Nikarudi na kichwa juu, nikadondosha koleti ndani ya kishikio, nikakaza nati juu yake. Kabla ya kuwasha nikaweka dayo geji, kipimo cha mshale, kwenye shina la kisu, nikazungusha kwa mkono. Mshale ukayumba milimita 0.15. Nikafungua nati: nati ikatoka, koleti ikagoma kutoka.

Jirani akacheka mpaka akashika ukuta. "Kaka, koleti inaingia kwenye nati kwanza!" Akanionyesha: ndani ya nati kuna ukingo uliokaa kando kidogo, sio katikati. Unailaza koleti tupu upande, unaisukuma hadi mfereji wake unase ukingo, inalia "tak". Ndipo unapitisha kisu, kizame angalau theluthi mbili ya urefu wa koleti, ndipo unafunga. Ukingo ule ndio unaoivuta koleti itoke unapolegeza. Bila huo, nati inaibana juu bila kuinyoosha, na koni inaing'ang'ania. Tuliitoa ya kwangu kwa kijiti cha shaba na matusi ya heshima.

Safari hii mshale ukayumba milimita 0.02. Nikageuza shafti, nikachonga upande wa pili, pita nane za nusu milimita. Kii ikaingia kwa kugongwa kidogo.

Kile kishikio ni kirefu. Kwenye mashine ndogo kinakula nafasi kati ya spindeli na jiliwa, na ER32 yangu ingekula zaidi. Kwa saizi unayotumia kila siku, nunua koleti ya Morse 3 inayoingia moja kwa moja kwenye spindeli. Kuitoa, legeza drobaa mzunguko mmoja na nusu, kisha gonga kichwa chake mara moja kwa nyundo ya shaba. Usiifungue yote, utagongea ncha ya nyuzi na kuziua.

Mzee akaikagua shafti. "Mbona mifereji miwili?"

Nikatafuta jibu. Kijana akaniwahi kutoka juu ya stuli: "Huo mwingine wa akiba, mzee. Kama tairi la gari."

Mzee akalipa, akaongeza elfu mbili. Jumatatu akaja mwenzake wa miwa na shafti mpya. Anataka kama ile, yenye mfereji wa akiba.