Bibi kizee wa Mikindani na kazi ya upelelezi

Wasomaji wa riwaya za upelelezi huku kusini mwa Tanzania wana pingamizi wanalolirudia: hadithi ya mji mdogo, kifo kimoja, na mzee asiye na cheo anayemfichua muuaji kabla ya polisi, ni ya Waingereza, kwetu haisimami. Miss Marple, bibi kizee mpelelezi wa Agatha Christie, aliingia kwenye riwaya mwaka 1930 akiwa na kijiji chake na sindano zake za kufumia. Sisi tulipewa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake mwaka 1960, na wengi waliomfuata wakashika bastola. Bibi wa Mikindani, mji mdogo wa pwani karibu na Mtwara, wanauliza, ataanzia wapi?

Hoja yao ina uzito. Maiti huzikwa siku ile ile au kesho yake, na ushahidi wa mwili unakwenda nayo kaburini. Uchunguzi wa hospitali hauagizwi na jirani. Lililo zito zaidi, bibi kizee anayejua mno habari za kifo cha mtu anaweza kuitwa mchawi kabla hajaitwa mwerevu, na nchi hii wapo vikongwe waliouawa kwa tuhuma hizo. Mwandishi anayelipita hilo kimya kimya ameandika Uingereza yenye minazi.

Ila wanaokataa wanadhani mpelelezi ni mtu wa kuhoji. Miss Marple mara nyingi alimlinganisha tu mshukiwa na mtu fulani aliyemjua kijijini kwake, akaishia hapo hapo kumtambua. Kwa kipimo hicho, nani amzidi nyakanga, msimamizi wa unyago, aliyestaafu? Amewacheza unyago mama na binti zao, ndoa zilizoyumba zililetwa kwake usiku, na anajua nani alikopa kwa nani mwezi wa njaa. Hili la mkopo litazameni vizuri. Korosho inayopita kwenye stakabadhi ghalani, mfumo rasmi wa mauzo, ina karatasi: imepimwa chama cha msingi, imekwenda ghala kuu, imeuzwa mnadani, pesa imeingia benki. Kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo huo, haina karatasi. Mkulima aliyekwama huuza korosho zikiwa bado mtini, kwa bakuli, kwa bei ya kutupa, na kwa kuwa biashara yenyewe ni haramu, shahidi wake ni mtu mzima aliyekaa ukumbini wakati pesa inahesabiwa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Polisi akitafuta sababu ya mauaji kwenye madaftari ya chama, hataiona.

Halafu kuna maji, na hapa ndipo bibi wa pwani anapowaacha wapelelezi wa mjini mbali. Mwanamke aliyechokoa pweza miaka 40 haangalii saa, anahesabu mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku, yakipishana kiasi cha mita 3. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, hivyo baada ya wiki saa zimegeuka: saa nne asubuhi ni maji kujaa, ingawa ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Sasa chukua mshukiwa anayesema kwamba siku ya 16 ya mwezi mwandamo, saa nne asubuhi, alikuwa anashusha mzigo kutoka kwenye ngalawa pale ngazini Mikindani. Afisa wa upelelezi anaandika. Bibi anaendelea kuchambua mchele, maana saa hiyo ghuba ni tope, na ngalawa yoyote imekwama topeni mbali na ngazi. Mtu huyo hakuwa baharini.

Dokezo hili huharibika kirahisi. Waandishi hufungua kalenda ya ukutani na kuchukua tarehe 16 ya mwezi wa kizungu, ambayo haina habari na bahari. Wengine huweka tukio wakati wa maji mafu, ambapo chombo chepesi pengine kingefika ngazini saa yoyote, na uongo wa mshukiwa unakosa pa kushikwa.

La pili ni vidole. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, inababuka na kubaki na weusi usiotoka kwa sabuni. Ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu au mafuta kwanza. Mpagazi wa ghala hubeba korosho yenye ganda zima, haimuunguzi. Anayedai ni mpagazi tu huku ncha za vidole ni nyeusi anabangua mahali, na mzigo anaoubangua una mwenyewe.

Kuhusu maiti kuzikwa haraka, kumbukeni nani huosha maiti ya mwanamke: wanawake watu wazima. Bibi huyo huyo ameuona mwili wote kuliko daktari yeyote. Tatizo lake ni jingine, na naliona ndilo la kujengea riwaya nzima: mwoshaji anatakiwa kuyasitiri aliyoyaona. Alama za vidole shingoni ni aibu ya maiti ya kufunikwa, au ni haki yake ya kudaiwa? Kwa mwandishi mzuri hapo pana kurasa 50.

Wapinzani nawapa sura ya mwisho tu. Kule Uingereza washukiwa hukusanywa sebuleni, mzee akasimama akawasomea. Huku, siku ya hitima, wanaume wako nje chini ya turubai na wanawake wako ndani kwenye mikeka. Bibi hawezi kusimama mbele yao wote. Itabidi amtume mjukuu na sinia la kahawa, amnong'oneze swali moja la kumuuliza yule mwenye ngalawa: bwana, siku ile maji yalikuwaje?