"Imependeza" Si Maoni: Namna ya Kuizungumzia Kazi ya Usanifu ya Mwanafunzi Mwenzako

Mwanafunzi wa usanifu anapobandika kazi yake ukutani mbele ya darasa, anahitaji macho ya watu ambao hawajaizoea. Yeye ameitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba haoni tena kilichojificha wala kilichozidi. Tukimjibu "imependeza, hongera" kisha tukapita kwenye kazi inayofuata, tumemwacha pale pale alipokuwa. Najua kwamba nia yetu huwa njema, kwa sababu wengi wetu tumelelewa kutomwaibisha mtu mbele za watu, na malezi hayo nayathamini. Lakini kumstahi mtu hakukatazi kuichunguza kazi yake, na mimi naamini kwamba kuichunguza kwa makini ndiko kumstahi kwenyewe.

Tuchukue zoezi la kusanifu kanga. Kanga ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Mwanafunzi huichora kwenye kompyuta ikiwa imetandazwa yote, na darasa nalo huitazama hivyo hivyo kwenye projekta, ilhali mvaaji ataifunga kiunoni au kuitupia mabegani, na jina litasomwa na mtu aliye nyuma yake, tena akitembea. Kwa hiyo, anayesema "sijapenda hizo herufi" hajasema kitu ambacho mwenzake anaweza kukifanyia kazi. Anayesema "herufi hizi ni nyembamba, na kijani chake kinakaribiana na kijani cha mji, kwa hiyo nikiwa hatua chache nyuma sitaweza kulisoma jina" amemwonyesha mwenzake tatizo, sababu yake, na mtu litakayemkwaza. Ndiyo maana nashauri kazi kama hiyo ichapwe kwa ukubwa wake, hata kwa kuunganisha karatasi za A4, kisha mtu mmoja ajifunge nayo kabla ya yeyote kutoa maoni.

Swali la kwanza, basi, liwe hili: kazi hii ni ya nani, naye ataiona wapi? Bango la chanjo litakalobandikwa kwenye ukuta wa zahanati halihukumiwi sawa na nembo ya duka la simu. Na pale ambapo jambo linaweza kupimwa, lipimwe. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG, yaani wa kuhakikisha kwamba hata asiyeona vizuri anaweza kuzitumia tovuti, unataka mng'ao wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa mandharinyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Njano kali juu ya nyeupe haifiki hata 1.1 kwa 1. Ukimpa mwenzako tarakimu hiyo, mabishano ya nani ana jicho zuri la rangi hukoma, naye hana haja ya kujihisi ameshambuliwa.

Sifa nazo zinahitaji sababu. Ukiona kwamba nafasi tupu aliyoiacha kuzunguka kichwa cha bango ndiyo iliyolivuta jicho lako, mwambie, kwa sababu asipojua ni kipi kilichofanikiwa anaweza kukifuta kesho akidhani anaboresha.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni mazoea ya kumsanifia mwenzako kazi upya. "Weka nyekundu hapa, nembo isogeze kulia, fonti ibadilishe": huyo anaeleza kazi ambayo angeifanya yeye. Mwenye kazi huondoka na orodha ya maagizo yanayopingana, na akiyatii yote anabaki na bango lisilo na mwenyewe. Ni afadhali kusema "nimeiona picha kwanza, na tarehe ya mkutano nimeitafuta", kisha kumwachia aamue kama atapunguza picha, atakuza tarehe, au atapanga upya ukurasa mzima. Naye, badala ya kujitetea kwa kila neno, asikilize na kuandika, kwa kuwa hatakuwepo ukutani kumfafanulia kila mpita njia alichokusudia. Akimaliza kusikiliza, ana haki kamili ya kuyakataa maoni yetu, mradi aweze kueleza ni msomaji yupi anayemfikiria anapoyakataa.