Ustaarabu wa Kiongozi Huonekana Mbele ya Watu Wake

Tarehe 10 Oktoba 2008, katika mji wa Lakeville, jimbo la Minnesota, Seneta John McCain, mgombea urais wa chama cha Republican, alikuwa akijibu maswali ya wafuasi wake. Kura za maoni zilimwonyesha akiwa nyuma ya mpinzani wake, Barack Obama, na zilikuwa zimebaki chini ya wiki nne Wamarekani wapige kura. Mwanamume mmoja alimweleza kwamba anaogopa kulea mtoto katika nchi itakayotawaliwa na Obama. McCain akamjibu kwamba Obama ni mtu mwenye heshima zake na kwamba hakuna haja ya kumwogopa akiwa rais, na hapo ukumbi ukamzomea mgombea wake wenyewe. Baadaye mama mmoja mzee aliyevaa nguo nyekundu akashika kipaza sauti na kusema kwamba yeye hawezi kumwamini Obama, amesoma habari zake, ni Mwarabu. McCain alianza kutikisa kichwa, akanyoosha mkono na kukitwaa kipaza sauti. Hapana, mama, alimwambia. Huyo ni baba wa familia, mtu wa heshima na raia, ila mimi na yeye tunatofautiana katika mambo ya msingi.

Nimeitazama picha hiyo mara nyingi, na kila mara jicho langu huishia kwenye ule mkono ulionyooshwa. Kumtukana mpinzani ni jambo rahisi, na kumpa pole mpinzani aliyekwisha kushindwa ni rahisi vilevile. Kigumu ni kuwakatalia watu wako wanapokuletea uongo unaokufaa, tena ukiwa unazihitaji kura zao kuliko wakati mwingine wowote. Kwa mwenye kutaka kujua kama imani na tabia za mwanasiasa ni za kweli, nadhani hapo ndipo pa kumtazama: anawafanya nini mashabiki wake mwenyewe wanapomshangilia kwa jambo ovu.

Hata hivyo jibu la McCain lilikuwa na kasoro, na msomaji wa Kiswahili anaiona upesi kuliko wengi. Mama yule alisema "Mwarabu", naye akajibiwa kwamba hapana, ni mtu wa heshima, kana kwamba mtu hawezi kuwa vyote viwili. Sisi tuliokulia pwani tunajua majirani Waarabu waliotuzika wafu wetu na kutulea watoto wetu, na hata neno tunalotumia kutaja tabia njema mbele za watu, ustaarabu, limetokana na jina lao. (Wapo wanaolikataa neno hilo kwa sababu hiyohiyo, wakipendelea uungwana au utu, na hoja yao ina uzito; mimi naliacha libaki, kwa kuwa leo linakumbusha kitu.) Mwaka ule uvumi ulienea kwamba Obama ni Muislamu na kwamba alizaliwa Kenya. Alizaliwa Honolulu, Hawaii, na ni Mkristo. Lakini tuliokuwa tukisikiliza kutoka huku tuliona dini ya majirani zetu na nchi ya baba yake vikigeuzwa matusi.

Siku tisa baada ya mkutano wa Lakeville, Colin Powell, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa George W. Bush na mwanachama wa chama cha Republican, alikamilisha kile ambacho McCain alikiacha nusu. Akihojiwa kwenye televisheni alisema jibu sahihi ni kwamba Obama si Muislamu, ni Mkristo. Kisha akauliza, na kama angekuwa Muislamu je, kuna ubaya gani kuwa Muislamu katika nchi hii? Akasimulia picha aliyoiona katika jarida, ya mama ameegemeza kichwa kwenye jiwe la kaburi la mwanawe katika makaburi ya kijeshi ya Arlington. Jiwe lilikuwa na jina, lilionyesha kwamba kijana alikuwa na umri wa miaka 20 na amekufa akipigana Iraq, na juu yake hapakuwa na msalaba wala nyota ya Daudi, bali mwezi na nyota. Powell alikuwa akiwaambia hayo watu wa chama chake.

Huenda nisingeyashika mambo haya kwa nguvu hivi kama yasingetokea mwezi uleule. Tarehe 15 Oktoba 2008, siku tano baada ya Lakeville, tume ya Jaji Philip Waki ilikabidhi jijini Nairobi ripoti yake kuhusu machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ambamo zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Mimi nilisoma habari zile huku nikijiuliza ni mikutano mingapi ya kampeni ambapo mgombea alisikia jirani wa kabila jingine akiitwa jina la dharau, akatabasamu na kuendelea na hotuba. Tabasamu lile ni ruhusa.

Nirudi Marekani, kwa sababu kuna jambo linaloniuma zaidi kwa kuwa linahusu dini. Juni 1998, nchi ikiwa katikati ya kashfa ya kimapenzi ya Rais Bill Clinton, Wabatisti wa Kusini, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini humo, walipitisha azimio lililosema kwamba tabia ya kiongozi ni jambo la msingi, na kwamba kuvumilia maovu makubwa ya viongozi hufisha dhamiri ya jamii. Naliunga mkono azimio hilo hadi leo. Lakini mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya PRRI iliwauliza Wamarekani kama kiongozi anayetenda maovu katika maisha yake binafsi anaweza bado kufanya kazi ya umma kwa uadilifu, na kati ya Wakristo weupe wa kiinjili, kundi ambalo Wabatisti hao wengi wamo, ni asilimia 30 tu waliosema ndiyo. Mwaka 2016, Donald Trump akiwa mgombea wa Republican, asilimia 72 walisema ndiyo. Biblia ilikuwa ileile; mtuhumiwa ndiye aliyebadilika. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wenyewe hujitetea kwamba walimchagua rais, hawakumchagua mchungaji, na kwamba walitazama majaji atakaowateua na suala la utoaji mimba. Utetezi huo siudharau, kwa maana mpiga kura hupewa wagombea walioko, hapewi malaika. Ila aliyetangaza kwamba tabia ni sharti pale mkosaji alipokuwa wa upande wa pili, kisha akalifuta sharti hilo ilipofika zamu ya mtu wake, ameifanya imani kuwa fimbo ya kuwapigia wengine.

Mitt Romney, seneta wa chama cha Republican, aliikataa fimbo hiyo. Tarehe 5 Februari 2020, wakati Baraza la Seneti lilipopiga kura katika kesi ya kumwondoa Trump madarakani, alisimama akaeleza kwamba yeye ni mtu wa dini, kwamba kiapo alichoapa mbele za Mungu anakihesabu kuwa kitu kizito, na sauti ikamkwama kwa muda kabla hajaendelea. Akawa seneta wa kwanza katika historia ya Marekani kupiga kura ya kumtia hatiani rais wa chama chake. Kesho yake, katika mkutano wa kitaifa wa kifungua kinywa na maombi, mzungumzaji mkuu, msomi Arthur Brooks, alizungumzia kuwapenda maadui. Trump aliposhika kipaza sauti alisema hajui kama anakubaliana naye, kisha akasema hawapendi watu wanaotumia imani yao kuhalalisha jambo wanalojua kuwa ni baya.

Sisemi kwamba zamani kulikuwa na malaika. Mwaka 1856 mbunge Preston Brooks aliingia ndani ya ukumbi wa Seneti akampiga Seneta Charles Sumner kwa bakora hadi akazimia, kwa sababu ya hotuba dhidi ya utumwa, na kwao kusini alipongezwa.

Ninapotaka kuona imani ikifanya kazi yake katika mambo ya dunia, mimi huirudia Camp David, makazi ya mapumziko ya marais wa Marekani. Kwa siku 13 za Septemba 1978, Rais Jimmy Carter, Mbatisti aliyefundisha shule ya Jumapili, alikaa humo na Rais Anwar Sadat wa Misri, Muislamu, na Waziri Mkuu Menachem Begin wa Israeli, Myahudi. Mwanzoni mwa mazungumzo wote watatu waliwaomba watu wa dini zote wawaombee. Siku ya mwisho yote yalikuwa karibu kuvunjika, Begin amekasirishwa na maneno ya barua ya Marekani kuhusu Jerusalem. Begin alikuwa ameomba picha za viongozi watatu zilizotiwa saini, awapelekee wajukuu zake. Katibu wa Carter akashauri yatafutwe majina ya wajukuu wote wanane, naye Carter akaandika jina la kila mmoja kwa mkono wake juu ya kila picha, na yeye mwenyewe akazipeleka kwenye nyumba aliyofikia Begin. Begin alizipokea, akaanza kusoma majina, moja baada ya jingine, midomo ikamtetemeka na machozi yakamlenga. Maneno ya barua yakarekebishwa, na jioni ile makubaliano yakatiwa saini. Wapalestina hawakuwa mezani, na dai lao halijatimizwa hadi leo. Hilo ni pengo kubwa na sitalifunika. Lakini Misri na Israeli, zilizokuwa zimepigana vita kubwa miaka mitano tu kabla, hazijapigana tena.

Sadat aliuawa Oktoba 1981. Miongoni mwa waliotumwa Kairo kumzika walikuwamo Carter na Gerald Ford, aliyeshindwa na Carter katika uchaguzi wa mwaka 1976 baada ya kampeni yenye maneno makali. Wakiwa ndani ya ndege wakirudi, watu hao wawili walizungumza mpaka wakawa marafiki, na baadaye wakakubaliana kwamba atakayebaki atasema neno kwenye mazishi ya mwenzake. Ford alitangulia mwishoni mwa mwaka 2006, na Carter akaenda Grand Rapids kutimiza ahadi. Carter alizikwa tarehe 9 Januari 2025 akiwa amefariki na umri wa miaka 100. Katika Kanisa Kuu la Kitaifa mjini Washington, mbele ya Clinton, Bush, Obama, Trump na Biden, Steven Ford alisimama akafungua karatasi na kusoma taazia ambayo baba yake alikuwa ameiandika kabla ya kufa, miaka 18 nyuma, ya kumuaga mtu aliyemng'oa Ikulu. Maneno ya mwisho yalimkaribisha nyumbani rafiki wa siku nyingi.